Jina la mtoto wetu ndani ya mchezo wa basketi



Katika mikutano yetu neno moja limerudi mara nyingi: michezo ya simu. Mama mmoja analalamika kwamba mwanawe haondoki chini ya mwembe, macho yameganda kwenye simu ya yaya yake. Mwingine anauliza kwa nini kijana anaomba franka za kuchaji kila jioni. Wa tatu amemsikia mtoto chumbani akipaza sauti peke yake kama mtangazaji wa redio, akirudia jina moja mara kumi, na amejiuliza kama mtoto huyo ni mzima.

Juma hili tumeona tulizungumze jambo hilo kwa utulivu. Hatutagusa michezo yote. Tutachukua mmoja tu, ule wa mpira wa kikapu ambao vijana wetu wanauita basketi, na tutautazama kwa upande ambao sisi wazazi hatuuzingatii: upande wa sauti. Mtoto yule anayerudia jina mara kumi huenda hana ugonjwa wowote. Huenda anarekodi.

Mchezo wenyewe ni upi?

Michezo mikubwa ya basketi ya kompyuta imekuwa miwili. Mmoja unaitwa NBA Live, wa kampuni ya EA Sports ya Marekani, ulioanza mwaka 1994. Wa pili ni NBA 2K, ulioanza mwaka 1999 kwenye mashine ya Dreamcast ya kampuni ya Sega, na leo unatolewa na kampuni iitwayo 2K. Herufi NBA ni jina la ligi kubwa ya basketi ya wanaume kule Marekani. Ya wanawake inaitwa WNBA.

Toleo jipya la NBA 2K hutoka kila mwaka, nalo linataka mashine ya bei kubwa au kompyuta yenye nguvu. Kijana mwenye simu ya kawaida huangukia matoleo ya zamani. Kuna programu ya bure iitwayo PPSSPP, iliyotoka mwaka 2012, ambayo huifanya simu ijifanye mashine ndogo ya PSP ya kampuni ya Sony. Kwa njia hiyo NBA 2K13, toleo la mwisho la mchezo huo kutengenezwa kwa PSP, bado linachezwa hata leo na watu ambao hawajawahi kuishika PSP mikononi.

Tunaeleza haya ili mama ajue jambo moja: mchezo anaocheza mwanawe mara nyingi ni wa zamani, umepita mikono mingi kwa kadi ya memori kabla ya kufika kwake, na pengine katika mikono hiyo umebadilishwa.

Sauti inashonwa kama viraka

Ukiusikiliza mchezo ukiwa jikoni, utadhani kuna mtu anatangaza mechi saa ile ile. Hakuna. Mtangazaji alikaa studio muda mrefu kabla ya mchezo kutoka. Alisoma sentensi nyingi sana na majina mengi sana. Jina moja husomwa zaidi ya mara moja: mara kwa utulivu, kana kwamba mchezaji anapokea tu mpira, mara kwa sauti inayopanda, kana kwamba anaelekea kikapuni, mara kwa shangwe, kana kwamba amefunga.

Kila kipande kinahifadhiwa peke yake. Kijana anapocheza, kompyuta hutazama kinachotokea uwanjani, huchagua kipande cha jina, hukiunganisha na kipande cha sentensi, na sisi tunasikia maneno yanayofuatana vizuri. Ni kama mama anayeshona blanketi la viraka: vitambaa vimetoka mahali mbalimbali, lakini mshono ukiwa mzuri huoni mahali vilipoungana.

Mbali na mtangazaji kuna sauti nyingine tele. Kuna mpira unaodunda sakafuni, viatu vinavyolia, wavu unaopitwa na mpira, kengele ya kumaliza robo, muziki, na watu wanaoshangilia wenyeji na kuwazomea wageni. Zima sauti zote hizo uone: mchezo uleule unakuwa kama arusi isiyo na ngoma.

Kwa miaka mingi sauti kuu ya NBA 2K imekuwa ya Kevin Harlan, mtangazaji wa michezo wa Marekani. Na katika mchezo huohuo imesikika sauti ya mwanamke, Doris Burke. Tutamrudia mama huyo.

Jina ambalo halikurekodiwa

Sasa tuje kwetu. Wachezaji wa Kongo wako ndani ya michezo hii. Dikembe Mutombo, aliyezaliwa Kinshasa mwaka 1966, alikuwa mzuiaji mkubwa. Alizuia mipira 3,289 katika NBA, na ni mtu mmoja tu katika historia ya ligi hiyo aliyemzidi. Bismack Biyombo alizaliwa Lubumbashi mwaka 1992. Jonathan Kuminga alizaliwa Goma mwaka 2002, na mwaka 2022 alikuwa katika timu ya Golden State Warriors ilipotwaa ubingwa. Wawili hawa wa mwisho walizaliwa katika miji inayosema Kiswahili kama sisi.

Lakini mchezo una mlango mwingine ambao watoto wanaupenda zaidi. Unamruhusu mchezaji kujitengenezea mtu wake mwenyewe: anachagua urefu, uso, nywele, namba ya jezi, na jina. Jina hilo likiwa katika orodha ya majina yaliyosomwa studio, mtangazaji ataliita. Lisipokuwamo, atalikwepa. Jina litaandikwa kwenye jezi, lakini yeye atataja namba ya mchezaji au nafasi anayochezea.

Fikirini mtoto wa Niemba aliyeandika Kisimba, au Kalunga, au Mukalay. Anakimbia, anapokonya mpira, anafunga pointi 40, uwanja mzima unashangilia, na mtangazaji hana namna ya kumwita. Mtoto mwenzake aliyechagua jina la Kizungu anaitwa kila dakika. Watoto hawasemi jambo hili kwa maneno, lakini wanalijua. Wengine huacha jina la baba yao na kuchukua la mgeni, ili tu waitwe.

Hatudai kwamba kampuni ilifanya hivyo kwa ubaya. Hakuna studio inayoweza kusoma majina yote ya dunia. Lakini sisi tunaojua maana ya kumpa mtoto jina la nkambo wake tunaelewa ni kitu gani kinachopotea pale.

Hapa inafaa kumkumbuka Mutombo kwa jambo jingine. Mama yake, Biamba Marie Mutombo, alifariki kwa sababu ghasia za Kinshasa zilizuia kumfikisha hospitali. Mwana alijenga hospitali katika mji huo, iliyoanza kupokea wagonjwa mwaka 2007, na akaipa jina la mama yake. Mutombo mwenyewe alifariki tarehe 30 Septemba 2024. Wagonjwa wanaoingia pale wanaendelea kulitaja jina la yule mama.

Mashabiki wanaoufungua mchezo

Kuna watu duniani ambao hawakuridhika kuucheza mchezo kama ulivyotoka dukani. Waliufungua na kutazama ndani. Badiliko ambalo shabiki anaingiza katika mchezo wa wengine vijana wanaliita modi. Wapo wanaobadilisha nyuso, wapo wanaochora jezi, wapo wanaojenga uwanja upya, na wapo wachache wanaoshughulika na sauti.

Mfano mzuri ni NBA 2K14, iliyotoka Oktoba 2013. Kwa kawaida toleo la zamani husahauliwa, na baada ya miaka michache kampuni huzima mitambo yake ya intaneti. Lakini toleo hilo, upande wa kompyuta, mashabiki wamelishikilia kwa zaidi ya miaka kumi. Kila msimu wameingiza wachezaji wapya na jezi mpya bila kulipwa. Toleo hilo lilipotoka, Kuminga hakuwa amefikisha hata miaka 11. Hata hivyo shabiki anaweza kumwona leo akikimbia ndani yake, uso wake na jezi yake vimewekwa na watu wasiomfahamu.

Ila sikilizeni vizuri. Uso umeingia, jezi imeingia, lakini jina? Watangazaji wa mwaka 2013 hawakuwahi kulisoma jina la Kuminga. Ndiyo maana wanaofanya modi husema kwamba picha ni nyepesi na sauti ni nzito. Uso mtu anaweza kuuchora. Sauti inabidi itoke kinywani mwa mtu.

Kazi ya sauti inakwenda hivi. Kwanza kijana anatafuta ndani ya mchezo faili lililobeba sauti anayotaka kubadilisha. Mafaili hayo yamebanwa pamoja kama mizigo ya garimoshi, na hayana majina ya kueleweka. Lazima ajaribu moja baada ya jingine. Pili, analitoa na kuligeuza liwe la aina ambayo kompyuta ya kawaida inaweza kulicheza. Tatu, anarekodi sauti mpya. Nne, anaikata kwa programu kama Audacity, ambayo ni ya bure na ipo tangu mwaka 2000. Anaondoa kelele, anasawazisha nguvu ya sauti, na kuifanya iwe na urefu wa ile ya zamani. Ikizidi, itamezwa mwishoni au mchezo utazimika. Tano, anairudisha mahali pake na kucheza mechi nzima akisubiri kusikia kama imekaa. Isipokaa, anaanza tena.

Mama akilijua hilo, ataelewa kwa nini mtoto anarudia jina mara kumi. Jina moja linahitaji kusemwa kwa utulivu, kwa kupanda na kwa shangwe. Na kila mara jogoo akiwika au jenereta ya jirani ikinguruma, ni kuanza upya.

Kazi hii si ngeni kwetu

Wamama wengi mtasema kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Lakini kuweka sauti yetu juu ya kitu kilichotengenezwa kwingine ni kazi ya zamani katika Afrika Mashariki. Ni nani kati yetu hajaona filamu ya Kihindi au ya Kichina iliyotafsiriwa, ambapo mtu mmoja anasema maneno ya wote, baba, mama na adui, na kuongeza utani wake mwenyewe? Tanzania walikuwa na Lufufu. Kenya wana DJ Afro. Uganda wana VJ Jingo, anayefanya kwa Kiganda. Hakuna hata mmoja kati yao aliyetengeneza filamu hizo. Walichukua sauti, wakaiweka juu, na watu waliokuwa hawaelewi neno wakaanza kucheka na kulia pamoja na wenye filamu.

Upande wa mpira wa miguu jambo hili limeshika kwa jezi: mashabiki wa Tanzania wameziingiza jezi za Simba na Yanga katika michezo ya simu iliyotengenezwa Ulaya. Basketi nayo ina nafasi hiyo. Ligi ya basketi ya Afrika, iitwayo BAL, ilianza Kigali mwaka 2021, na mwaka 2022 timu ya Espoir Fukash ya Lubumbashi ilishiriki. Kijana anayetaka kuicheza timu hiyo nyumbani anaweza kuichora jezi yake mwenyewe, na akipata subira, kuwaita wachezaji wake kwa Kiswahili chetu cha Tanganyika.

Hapo ndipo penye faida. Anayefanya kazi hiyo anajifunza kuyapanga mafaili na kuweka nakala kabla ya kugusa kitu. Anajifunza kusikiliza kwa makini na kutamka sawasawa. Ujuzi uleule unatumika redioni, kanisani penye vyombo, katika studio ya muziki, na kwa fundi wa simu. Mtoto anayecheza tu saa tatu na mtoto aliyetengeneza sauti saa tatu wote wametumia betri ileile, lakini mmoja ameamka na kitu mkononi.

Na wasichana wetu?

Twende sasa kwa mabinti. Ligi ya WNBA ilianza kuchezwa mwaka 1997. Timu zake ziliingia katika NBA Live mwaka 2017, toleo la NBA Live 18, na katika NBA 2K mwaka 2019, toleo la NBA 2K20. Maana yake ni kwamba kwa miaka 20 ligi ilikuwapo, wanawake wanacheza na kushangiliwa, na ndani ya michezo hiyo mikubwa timu zao hazikuwamo.

Tunaye wa kwetu aliyepita katika miaka hiyo. Mwadi Mabika alizaliwa Kinshasa. Alicheza katika timu ya taifa ya wanawake, wakati huo tukiitwa Zaire, kwenye Michezo ya Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996. Mwaka uliofuata aliingia WNBA ligi ilipofungua milango, na akiwa na Los Angeles Sparks alitwaa ubingwa mwaka 2001 na 2002. Msimu wake wa mwisho ulikuwa 2008. Hesabuni: timu za wanawake zilipoingia katika NBA Live, Mabika alikuwa amemaliza kazi yake miaka 9 kabla. Binti anayetaka kumchezesha Mabika wa siku zile za ubingwa, na jina lake liitwe, atahitaji mikono ya mashabiki.

Mambo yamesogea. Mwaka 2021 Candace Parker, mchezaji wa WNBA, alikuwa mwanamke wa kwanza kuwekwa kwenye jalada la NBA 2K, toleo la NBA 2K22. Na yule Doris Burke tuliyemtaja, mwezi Juni 2024 alikuwa mwanamke wa kwanza kuchambua fainali za NBA katika televisheni ya Marekani. Sauti ya mwanamke inaeleza mchezo wa wanaume mbele ya ulimwengu, na wanaume wanasikiliza.

Kwa hiyo tunasema wazi: kaka akikaa na simu kutengeneza sauti, dada asiambiwe tu akachote maji. Akae naye. Kwanza, timu inahitaji sauti zaidi ya moja. Pili, wasichana wetu ndio wanaoongoza nyimbo kwaya na misibani; sauti wanazo. Maji wanaweza kuyachota wote wawili, kabla au baada.

Majina ya nani yataitwa?

Kuna jambo zito ambalo hatuwezi kuliruka. Jimbo letu la Tanganyika limeona mapigano kati ya Waluba na Watwa. Watu walikimbia vijiji, watoto walikua kambini, na maneno mabaya ya siku zile hayajafutika yote. Sauti ni kitu chenye nguvu. Simu inayoweza kurekodi shangwe inaweza pia kurekodi tusi, na kipande cha sauti kikishaingia katika mchezo na kuhamishwa kutoka simu hadi simu, hakuna mzazi atakayekirudisha.

Mama akikuta vijana wanatengeneza timu, atazame orodha ya majina. Je, ni ya upande mmoja tu? Kuna jina la jirani? Kuna la Mtwa, la Mluba, la Mtumbwe, la Mholoholo, la mtoto aliyerudi kutoka ukimbizini? Na waliowekwa kwenye timu ya kushindwa kila siku ni akina nani? Vijana wanaweza kusema ni mchezo tu. Lakini mtoto anayesikia jina la kabila lake likizomewa hasikii mchezo, anasikia kijiji.

Na kinyume chake kiko hivyohivyo. Mtoto aliyesikia jina lake likiitwa kwa shangwe na kijana wa upande wa pili, kwa sauti ya kweli na si ya mashine, amepokea kitu ambacho mikutano yetu mingi ya upatanisho inakitafuta.

Mambo ya kuangalia

Tusidanganyane kwamba kila kitu ni kizuri. Mambo manne yanatakiwa kuangaliwa na mama.

La kwanza ni fedha. Matoleo mapya ya NBA 2K yana fedha za ndani ya mchezo, na pakiti ambazo mtu ananunua bila kujua atapata mchezaji gani. Hiyo inafanana na bahati nasibu. Mwaka 2018 tume inayosimamia michezo ya kamari nchini Ubelgiji iliamua kwamba masanduku ya namna hiyo yanayolipiwa ni kamari, na kampuni ya 2K ikaacha kuuza pakiti hizo kwa fedha halisi katika nchi hiyo. Huku kwetu hakuna atakayeziondoa. Fedha ya likelemba na fedha iliyo kwenye simu visikae karibu na mchezo. Namba ya siri ya fedha za simu ni ya mama, na mtoto asiijue.

La pili ni mafaili yenyewe. Modi zinatoka kwa watu wasiojulikana. Faili moja linaweza kubeba kirusi kinachoharibu simu au kuiba picha na namba. Simu iliyo na namba za wateja wa mama muuza samaki isiwe ya kujaribia modi. Tena kijana ajue kwamba mchezo una mwenyewe. Kubadilisha sauti nyumbani kwa kujifurahisha ni jambo moja. Kuuza mchezo wa wengine kwa kadi za memori ni jambo jingine, na linaweza kumpeleka mahali asipopenda. Na sauti ya mtu ni mali ya mtu: asirekodiwe mwalimu, mchungaji au jirani bila ruhusa yake.

La tatu ni masikio. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu anayesikiliza kwa vifaa vya masikioni asipandishe sauti kupita asilimia 60 ya nguvu ya simu, na apumzike mara kwa mara. Mfanya sauti hurudia kipande kimoja mara nyingi, kwa hiyo yeye yuko hatarini zaidi ya mchezaji. Kipimo cha nyumbani ni rahisi: ukimwita mtoto kwa sauti ya kawaida ukiwa hatua moja kutoka kwake na asikusikie, punguza.

La nne ni saa. Shirika hilohilo limeuingiza ulevi wa michezo ya kompyuta katika orodha yake ya magonjwa, iliyoanza kutumika mwaka 2022. Dalili zake ni tatu: mtu anashindwa kujizuia, anaweka mchezo mbele ya mambo mengine yote, na anaendelea hata anapoona madhara, na kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu kama miezi 12. Mtoto anayecheza sana wakati wa likizo si mgonjwa. Lakini mtoto aliyeacha masomo, chakula na marafiki, huyo anahitaji mtu wa kuzungumza naye mapema, kabla ya kipigo.

Tufanye nini juma hili?

Tunapendekeza mambo madogo yanayowezekana hapa Niemba, hata kwa mama asiyejua kusoma.

Mwambie mtoto akufungulie mchezo, na usikilize kwa dakika kumi. Usiseme neno. Kisha muulize maswali haya: Huyu anayetangaza ni nani? Anasema lugha gani? Timu yako ina akina nani? Je, jina lako analiita? Umebadilisha nini wewe mwenyewe?

Swali la mwisho ndilo kubwa. Tumezoea kuuliza, "Umecheza saa ngapi?" na jibu huwa uongo. Tukiuliza, "Umetengeneza nini?" mtoto wa kucheza tu atanyamaza, na mtoto wa kutengeneza hatanyamaza mpaka usiku.

Makundi yenye vijana wa namna hiyo yanaweza kufanya jambo moja pamoja. Chagueni nyumba moja yenye utulivu, saa ambayo jenereta zimezimwa. Andikeni majina 12 ya timu moja ya watoto wa kartye yetu, wavulana na wasichana, kutoka familia mbalimbali. Kila jina lisemwe mara tatu: kwa utulivu, kwa kupanda, na kwa shangwe. Mama au nkambo ambaye hutamka jina vizuri zaidi ndiye alirekodi. Simu ya kawaida inatosha kwa hatua hiyo. Kazi ya kuingiza sauti ndani ya mchezo inataka kompyuta, na wengi wetu hatuna. Lakini sauti zikiwa zimehifadhiwa vizuri kwenye kadi, kijana anayesafiri kwenda Kalemie anaweza kuzipeleka kwa mwenye ujuzi. Hata zisipoingia mchezoni mwaka huu, mtakuwa mmehifadhi sauti za mama zenu zikiita majina ya watoto wenu, na hakuna studio ya Marekani itakayowatengenezea hizo.

Kadi hiyo iandikwe jina la kundi na ikae kwa mtunza hazina, pamoja na daftari la likelemba. Katika mkutano ujao tutauliza kila kundi: ni majina gani mmeyarekodi, na ni nani aliyeyasema?